Mstari wa Ubavuni

Saa nne usiku, Moshi. Jokofu la maabara linaunguruma
kama mtu mwenye mafua. Nje, mvua ya Aprili
inapiga mabati ya kibanda cha mlinzi.
Mimi na kimelea namba kumi na saba tunatazamana,
ingawa mwenye macho ni mmoja tu.

Kimetoka kwenye kidonda cha Elinsia, miaka sita,
binti wa fundi baiskeli wa Pasua.
Dawa ya kwanza kiliicheka. Ya pili kiliinywa kama chai.
Ya tatu tuliiagiza Dar, ikaja kwa basi, ndani ya barafu,
nayo hiyo,
basi niseme tu kwamba mama yake ameacha kuniuliza.
Ananitazama mikono.

Kazi yangu ni kurudi nyuma.
Nawapanga ndugu za kimelea hiki, mia mbili na arobaini,
wa mto Karanga, wa utumbo wa kuku, wa sinki la wodi,
herufi kwa herufi, A chini ya A, G chini ya G.
Wanapokubaliana nasema: hivi ndivyo alivyokuwa bibi yao.
Wanapobishana napiga hesabu.
Bibi hana kaburi, hana mfupa.
Amebaki ndani ya wajukuu, kipande kwa huyu, kipande kwa yule,
kama pishi la marehemu ambaye hakuandika:
huyu anakumbuka chumvi, yule anakumbuka moto.

Leo bibi amekamilika. Karibu.
Jeni elfu tatu na ushei, kila moja na kiasi chake cha kuaminika.
Lakini ile ya usugu, ile inayomtesa Elinsia,
bibi hakuwa nayo.
Wala binti zake. Wala binti za binti zake.
Imeingia kwa pembeni, jana tu kwa saa za vimelea,
kutoka kwa mgeni asiye wa ukoo.
Walikutana penye unyevu, wakagusana,
mmoja akaondoka na ngao ya mwenzake
kama jirani aombaye kaa la moto.

Simu inatetemeka. Baba mdogo Ndelamio, yuko Uru.
"Orodha ya ukoo umemaliza? Baraza la ardhi ni Jumatatu."
Nimemaliza, baba.
"Na yule Mbonea umemtoa?"
Nasikia ng'ombe wake akikohoa upande wa pili.
"Yule si damu. Alikuja na nyundo kutoka Ugweno,
akapewa kihamba kwa ajili ya majembe. Mtoe.
Mti uwe mti."

Maji ya mlima huu yana njia mbili.
Mto hushuka, wa baba kwenda kwa mwana, haugeuki.
Lakini sisi wa migombani hatukulelewa na mto.
Tulilelewa na mfereji, uliochimbwa ubavuni,
unaokatiza miteremko na kupita
shambani kwa mtu ambaye hata hamsalimiani.
Chora mito peke yake
uone kama utaeleza ukijani wa ndizi zetu.

Na mfereji hauchagui. Ulileta maji,
mwaka mmoja ukaleta mzoga wa mbuzi, tukaharisha kijiji kizima.
Mlango uliomwingiza Mbonea na chuma chake
ndio huohuo, na sina methali
ya kumpelekea mama Elinsia kuhusu hilo.

Nafungua orodha. Natafuta jina moja
ambalo halikulima kwa jembe la yule mgeni.
Silioni.
Siwezi kumweka chini ya mtu, siwezi kumweka juu ya mtu.
Nachukua kalamu nyekundu, naanzia kwake,
navuta mstari ubavuni, unakata matawi matatu,
unaharibu mchoro. Nauacha.

Saa saba. Kwenye sahani niliyoipanda jana,
kuzunguka kidonge cha nne, cha mwisho tulicho nacho,
kuna duara jembamba, safi,
au ni macho yangu.
Nazima taa. Nawasha.
Natafuta rula.